Sarafu Ndani ya Bitana

Mlango ule ulikuwa na sauti mbili. Kwanza ulisikia mlango wa nje ukijifunga nyuma yako, chuma kizito kikikaa mahali pake, kisha kimya, kisha, baada ya kusubiri, mlio kama wa nyuki kwenye kitasa cha mlango wa ndani, na hapo ndipo ulipoweza kusukuma na kuingia. Kati ya sauti hizo mbili ulisimama ndani ya kichumba kisicho na dirisha, chembamba kama lifti, ukitazamwa na kamera iliyobandikwa karibu na dari. Mlango wa ndani haukufunguka kamwe kabla wa nje haujafungwa. Mtu fulani, mahali fulani, alikuwa anakuangalia na kuamua. Nilikuwa mtoto wa miaka kumi hivi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, na kila Jumapili nilibana pumzi pale katikati. Sikuwa nacheza. Niliamini kabisa kwamba siku moja mlango wa pili utakataa. Dada yangu Raheli, aliyenizidi karibu miaka tisa, alikuwa akinikanyaga mguu taratibu na kuniambia kwa Kiswidi, "Pumua, mjinga wewe. Ni mlango tu."

Nyuma ya mlango huo kulikuwa na klabu ya vijana wa Kiyahudi wa Stockholm. Nje hapakuwa na kibao wala jina, ukuta wa kijivu tu na kitufe cha kengele, na mpita njia angeweza kudhani ni ghala la vifaa vya umeme. Ndani kulikuwa na raha tupu. Kulikuwa na chumba cha chini chenye meza ya kuchezea mpira, makochi yaliyotoka pamba, na harufu ya mkate mtamu uliosukwa kama nywele. Tuliimba nyimbo za Kiebrania ambazo nusu ya maneno yake hatukuyaelewa, tukajifunza kuwasha moto kwa kuni mbichi msituni, na kiangazi tukapelekwa kambini kwenye kisiwa kilichojaa mbu. Lakini raha hiyo ilikuwa na mfuniko, na aliyeushikilia mfuniko alikuwa Danieli, kijana mwenye mabega mapana na kijiwaya sikioni, ambaye ndiye alikuwa mlinzi na ndiye alikuwa kiongozi wetu. Alitufundisha tusisimame makundi barabarani. Tutoke wawili wawili. Tukiona begi lisilo na mwenyewe tusiliguse, tumwite. Tulizishika sheria hizo kama watoto wengine wanavyoshika ile ya kutazama pande zote kabla ya kuvuka barabara, na sikujua kwamba si za watoto wote mpaka rafiki yangu wa shule aliponipeleka kwenye klabu yake ya kuogelea. Tulifungua mlango mmoja tu, wa kioo, tukawa ndani. Nilibaki nimesimama pale mapokezi kama zuzu, nikisubiri sauti ya pili.

Sisi tulifikaje huko ni hadithi ya mchanganyiko. Baba alikuwa Mswidi na Myahudi, mwalimu wa fizikia, mtu wa mizaha ambaye sinagogi alilikanyaga kwenye harusi na misiba tu. Mama, Konsolata, alizaliwa Burundi, akavushwa mpaka akiwa mgongoni mwa mama yake, akakulia Kigoma, na baadaye akaja Sweden kusomea uuguzi kwa msaada wa kanisa. Alikuwa Mkristo na Mkristo alibaki. Jumapili asubuhi yeye alishika treni ya kwenda Södertälje kusali na Warundi wenzake, na sisi tukashika treni ya chini ya ardhi kutoka Farsta kwenda klabu, tukapungiana mikono kama watu wa nyumba mbili tofauti. Nyumbani alizungumza nasi Kiswahili, nasi tukamjibu Kiswidi, na hakuna aliyeona ajabu. Kiswahili hiki ninachoandikia nilikitafuta mwenyewe nilipokuwa mtu mzima.

Kwa sheria ya zamani, Uyahudi hupita kwa mama, kwa hiyo sisi tulikuwa Wayahudi nusu, au si Wayahudi kabisa, kutegemea umemuuliza nani. Klabuni hawakutubagua, nisiwasingizie. Ila kila mtoto mpya aliyeingia alitukodolea macho, akatazama nywele zetu, kisha akauliza tumetoka wapi. "Farsta," alijibu Raheli. Hapana, kwa kweli wapi? "Kwa kweli, Farsta. Toka kwenye stesheni, pita duka la viatu, kata kulia." Watoto walicheka, na mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu nilimwabudu dada yangu. Sikuona kwamba yeye mwenyewe alikuwa hacheki.

Mama aliingia klabuni mara ya kwanza siku ya sherehe ya kufunga mwaka. Alivuka ile milango miwili ameshika sinia la maandazi ambayo Danieli alilazimika kuyakataa kwa adabu zote, kwa sababu ya sheria zao za jikoni, na akasimama mbele ya ramani kubwa ya Israeli iliyotundikwa ukutani. Ramani hiyo ilikuwa fahari ya klabu. Ilichomwa pini za rangi, kaskazini, kusini, nyingi kandokando ya bahari, na baadhi zilikuwa za zamani hata vichwa vyake vimepauka.

"Hizi ni za nini?" Mama aliuliza.

"Ni wenzetu waliolelewa hapa wakaenda kuishi kule," Danieli alisema, uso umemng'aa. "Kila pini ni mtu mmoja."

"Walihama na wazazi wao?"

"Hapana, wengi walikwenda kwa programu yetu ya mwaka mmoja baada ya shule. Halafu wakapapenda, wakabaki."

Mama aliitikia kwa kichwa, kwa heshima, kama anavyofanya kwa daktari anayemtajia ugonjwa. Kwenye treni ya kurudi aliliweka sinia lake mapajani na kusema kwa Kiswahili, bila kumtazama yeyote, "Wametundika ukutani watoto wa watu waliopotea, na wanapigiana makofi." Raheli alijibu kwa Kiswidi kwamba hawakupotea, wanajulikana walipo hadi mtaa. Mama akasema hata wa kwao Burundi wengi wanajulikana walipo, ila hawarudi.

Mwaka uliofuata Raheli alimaliza sekondari na kutangaza, katikati ya chakula cha jioni, kwamba anakwenda. Ilikuwa mwaka mzima: kwanza masomo ya lugha na historia Yerusalemu, kisha mavuno kwenye kijiji cha ushirika, kisha kazi na watoto wa wahamiaji katika mji maskini wa pwani. Baba alijaribu kulainisha mambo kwa kumweleza Mama kuhusu vile vijiji, jinsi watu wanavyolima pamoja, wanavyokula pamoja na kumiliki vitu pamoja. Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Ujamaa," alisema. "Nimeuona Kigoma. Na wao walibebwa kwa malori?" Baba alicheka hadi machozi, Raheli akacheka, na hata Mama mwenyewe akaachia tabasamu. Lakini redioni, juu ya friji, msomaji wa habari alikuwa anataja basi lililolipuka katika mji ambao mimi niliujua kwa rangi ya pini zake, na Mama akanyanyua mkono tunyamaze. Alikuwa na desturi moja ambayo Baba hakuizoea: hakuzima redio mpaka waliokufa wote watajwe, wa pande zote mbili za ugomvi ule wa kule, kisha akafanya ishara ya msalaba mara moja kwa wote. Mwaka ule alifanya ishara hiyo mara nyingi mno. Hata hivyo nataka nieleweke. Mama hakuogopa bomu peke yake. Aliogopa pini.

Mtu wa pili aliyeogopa, kwa namna yake, alikuwa mama yake Baba. Jina lake Estera, lakini Mama alimwita Bibi kama sisi watoto tulivyomwita, na bikizee yule wa Kizungu alishazoea kuitika hata mbele ya wageni. Aliletwa Sweden akiwa msichana, baada ya Vita Kuu ya Pili, peke yake. Katika nyumba yao ya zamani hakuna mwingine aliyefika popote. Sebule yake ilinukia kahawa na bizari changa, saa ya ukutani ikapiga kwa nguvu kupita kiasi, na hakuwahi kutusimulia chochote, ila hakupenda kuona sanduku la safari limesimama mlangoni. Siku chache kabla Raheli hajaondoka tulikwenda kumuaga. Bibi alifungua kabati, akatoa sarafu ya kroni tano na kuiweka juu ya kitambaa cha meza.

Ni desturi ya kwao, alituambia. Mtu anapofunga safari ndefu, hupewa sarafu akaitoe sadaka kwa maskini wa kwanza atakayemwona akifika. Si thamani yake inayojalisha. Akishaipokea huwa si msafiri tena, ni mtu aliyetumwa, na aliyetumwa jambo jema hulindwa njiani mpaka alifikishe. Raheli alimbusu shavuni. Mama alikuwa amekaa wima, kikombe kimesimama hewani.

"Analindwa mpaka lini, Bibi?"

"Mpaka aitoe."

"Na akishaitoa?"

Bibi alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama maji yanalowanisha. "Akishaitoa, basi amefika."

Mama akanyoosha mkono juu ya meza. "Nipe mimi niitunze. Raheli hapotezi kitu, isipokuwa kila kitu." Tulicheka. Sarafu ikaingia kwenye pochi yake, na nilisikia pochi ikifungwa.

Kesho yake nilirudi kutoka shuleni nikamkuta Mama jikoni, ameketi karibu na dirisha ili apate mwanga. Ilikuwa mwisho wa kiangazi na jua la Farsta lilikuwa limeanza kulala upande. Mapajani alikuwa na koti la kijani la Raheli, lile zito la mvua, na alikuwa amelifumua bitana chini karibu na pindo. "We Miri, njoo unitungie uzi," aliniita. "Macho yangu yameanza kunisaliti." Nilitunga uzi. Akaichukua ile sarafu, akaizungushia kipande cha kitambaa laini isitoe sauti, akaiingiza ndani na kuanza kushona kwa mishono midogo, iliyobanana, mishono ya hospitali. Nilimuuliza kwa nini asimpe tu mkononi. Akanieleza kwamba mama yake alivuka mpaka na rozari na pete yake ya ndoa zimeshonwa ndani ya pindo la kitenge, na kati ya vitu vyote walivyotoka navyo, hivyo viwili ndivyo vilivyofika. Kilichoshonwa hakianguki. Hilo nililielewa. Lakini alipomaliza aliukata uzi kwa meno na kusema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu, "Bibi kasema analindwa mpaka aitoe. Basi asiitoe."

Nilikuwa mtoto na nikaona ni akili ya ajabu. Baba alifundisha fizikia, lakini hakuwahi kufikiria jambo zuri namna hiyo.

Kwenye uwanja wa ndege wa Arlanda vijana walisimama foleni na mabegi yao ya mgongoni, wazazi pembeni, Danieli na wenzake wawili wakitembea polepole kuzunguka kundi zima, macho yakiwa kwa watu wengine. Bibi alikuja na fimbo yake, amevaa kofia ya heshima. Alimkumbatia Raheli, kisha akamuuliza kama ile sarafu anayo mfukoni.

"Mama kaishona ndani ya koti," Raheli alisema, akapigapiga pindo. "Hata wezi wa mjini hawataipata."

Nilimwona Bibi akibadilika uso. Alimgeukia Mama, na nilijua, kwa jinsi alivyoshusha sauti, kwamba amekasirika kuliko nilivyowahi kumwona.

"Fumua, Konsolata."

"Ataifumua akirudi, Bibi."

"Sikuitoa ikashonwe. Niliitoa ikatolewe. Mtu aliyetumwa na hafikishi hana mahali. Hayupo huku, hayupo huko."

"Mimi nilitoka kwetu sikutumwa na mtu," Mama alisema, na Kiswidi chake, ambacho siku zote kilikuwa safi, kilianza kukwaruza. "Hakuna aliyenilinda njiani. Mwanangu nataka alindwe. Asifike, sijali, bora alindwe."

Baba alijiingiza kati yao na mzaha ambao haukumchekesha mtu. Mkasi haukuwapo, foleni ilikuwa inasogea, Raheli akamkumbatia kila mmoja haraka haraka, akanivuta sikio, akaingia kwenye lango la ukaguzi. Koti lilipita kwenye mashine. Mlinzi aliyekaa kwenye skrini alilisimamisha, akalirudisha nyuma, akalitazama tena kwa muda, kisha akaliachia. Wale wanawake wawili walilifuata kwa macho mpaka likapotea, kila mmoja akiomba jambo lililo kinyume cha la mwenzake.

Baridi ile ilikuwa ya giza. Najua kila majira ya baridi Stockholm ni ya giza, saa tisa alasiri taa zimeshawashwa, lakini zile nyingine huwa nazikumbuka kwa theluji na michezo ya kuteleza na pua zenye kamasi. Ile naikumbuka kwa simu. Programu ilikuwa na utaratibu wake: kila linapotokea tukio kule, vijana wote wanapiga simu kwa kiongozi wao, kiongozi anapiga Stockholm, na Danieli anazipigia familia moja baada ya nyingine kusema wote wako salama. Kwa hiyo kwanza tulisikia redio, kisha tukasubiri simu. Mara nyingi ililia upesi. Nilijifunza kusoma mgongo wa Mama. Akiwa amesimama kwenye sinki, maji yanatiririka, haoshi kitu, nilijua kuna basi. Simu ikilia, Danieli akisema maneno yake matatu, mgongo uliteremka na vyombo vikaanza kugongana. Klabuni hakuna aliyezungumzia jambo hilo. Tuliimba kwa sauti kubwa zaidi. Raheli mwenyewe alipopiga alikuwa mchangamfu. Alituambia kwamba katika mji ule wa pwani nusu ya watoto anaowafundisha wazazi wao wametoka Ethiopia, na siku ya kwanza walimdhani ni mmoja wao. "Miri," aliniambia, "hapa watu wananiuliza jina kwanza." Nilifurahi kwa ajili yake, ila maneno hayo sikumwambia Mama.

Siku yenyewe ilikuwa karibu na mwisho wa baridi, theluji chafu ikiyeyuka kwenye balkoni. Redio ikautaja mji wa Raheli. Haikutaja mji jirani wala barabara kuu. Ilikuwa basi la asubuhi. Mama alikuwa nyumbani siku ile kwa sababu alikuwa na zamu ya jioni, mimi nilikuwa na homa, Baba alikuwa darasani. Tulisubiri. Simu haikulia. Mama akampigia Danieli, laini ikawa inatumika, akapiga tena, inatumika. Akampigia rafiki yake Mama Furaha, Mkongomani wa Akalla aliyekuwa naye kwenye kwaya, naye akaja kwa treni kutoka upande wa pili wa jiji, theluji ingali kwenye viatu, akavua koti na kuteka maji ya chai kabla hata ya kusalimu.

"Ataita tu, Konsolata. Mungu iko," alisema. "Kunywa kwanza."

"Analindwa," Mama alisema. Hakuwa anamjibu. "Analindwa, analindwa, nilishona mwenyewe."

Mama Furaha alinitazama juu ya kikombe akiuliza kwa macho kashona nini. Baba alirudi, hakuwa amevua hata kofia, akakaa kwenye stuli karibu na simu. Hakufanya mzaha. Hilo lilinitisha kuliko redio. Kiza kilikuwa kimeshaingia simu ilipolia, na haikuwa sauti ya Danieli. Ilikuwa ya Raheli mwenyewe, na ilikuwa nyembamba sana. Alikuwa mzima. Alikuwa ametoka kwenda kituoni kama kila siku, mvua ikaanza, akarudi ndani kuchukua koti. Aliporudi kituoni basi lilikuwa limeshaondoka. Aliliona likipinda kona.

"Mana yanje, Mungu wangu," Mama alisema, akaketi chini, sakafuni kabisa, simu ikiwa sikioni. "Koti. Alirudia koti." Alilirudia neno hilo mpaka Baba akamwondolea simu mkononi. Mimi nilikimbilia kitandani nikajifunika gubigubi. Kila mtu nyumbani alikuwa analia kwa furaha na mimi nilikuwa na hofu kupita siku zote, maana sasa lile koti lilikuwa limefanya kazi, na kama ni hivyo, basi hata aliyoyasema Bibi pale Arlanda yalikuwa kweli.

Kwenye basi lile alikuwamo mama wa mtoto mmoja wa darasa la Raheli. Tulilijua hilo wiki iliyofuata. Mtoto huyo, msichana wa umri wangu, alianza kumsubiri Raheli mlangoni pa shule kila asubuhi na kumfuata hadi jioni. Mwaka wa programu ulipoisha wenzake wote wa Stockholm walirudi, tukaenda Arlanda kuwapokea na wazazi wao, lakini Raheli alikuwa amepiga simu siku mbili kabla. Alisema hawezi kumwacha mtoto yule sasa. Atakaa mpaka Desemba. Desemba akasema mpaka kiangazi. Kiangazi hakusema mpaka lini, na Mama hakuuliza. Alikwenda nasi klabuni siku ya kufunga mwaka, bila maandazi, akaivuka ile milango miwili na kusimama mbele ya ramani. Pini mpya ilikuwa nyekundu. Danieli alisimama kando yake na kwa mara ya kwanza sikumwona akijivuna.

Miaka ilikwenda. Raheli alijifunza kazi ya ualimu huko huko, akaolewa, akazaa mvulana. Alikuja mara chache, na kila mara na tiketi ya kurudi. Mimi nilifika umri aliokuwa nao alipoondoka, na mwaka huo huo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, Bibi alifariki usingizini. Tulimzika kwenye makaburi ya Kiyahudi upande wa kusini, vituo vichache tu kutoka Farsta, na kila mtu akashika sepetu kwa zamu. Raheli alikuja peke yake kwa siku chache, amevaa lile koti la kijani. Lilikuwa limepauka mabegani na zipu haikufunga tena. Mama aliweka kijiwe juu ya udongo wa Bibi, kama ilivyo desturi yao, akabaki ameinama kwa muda mrefu, na nilijua anazungumza naye na wanazungumzia nini.

Kesho yake asubuhi alimwita Raheli jikoni. Aliketi pale pale dirishani, mkononi ana wembe, miwani puani. "Lete koti," alisema. "Bibi alikuwa sahihi. Nilikufungia njiani. Leo naifumua, unaitoa, unakuwa umefika." Alifumua mshono mmoja mmoja, na ilimchukua muda, kwa sababu alikuwa ameshona kwa nguvu zake zote. Sarafu ilidondoka mezani ndani ya kitambaa chake, nyeusi kidogo pembeni. Tulivaa viatu tukashuka wote watatu hadi kwenye maduka. Miaka ile walikuwa wameanza kuonekana omba omba kutoka Romania, na karibu na mlango wa stesheni alikaa mwanamke mmoja mwenye sketi ndefu na kikombe cha karatasi mbele yake. Mama alisimama hatua chache kutoka kwake. Alikuwa amevaa kitenge chake kizuri chini ya koti la baridi. Sikuwa nimemwona na matumaini mengi namna ile tangu nikiwa mdogo.

"Haya, mwanangu. Mpe yule mama."

Raheli aliitazama sarafu kiganjani. Akaikunja ngumi. "Nitaitoa, Mama," alisema kwa Kiswidi, kwa upole, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo dogo. "Nitaitoa nikifika nyumbani."

Hakukusudia kuumiza, na hakujua alichosema mpaka alipokuwa ameshakisema. Mama aliingiza mkono kwenye mfuko wake mwenyewe, akamtolea yule mwanamke noti, wakasalimiana kwa vichwa, na sote tukaingia dukani kununua maziwa. Kiangazi kile ilikuwa zamu yangu kwenda kwa mwaka mmoja. Sikwenda. Hakuna aliyenizuia, na hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Leo mimi ndiye ninayempeleka mtoto klabuni. Milango bado ni miwili, ila ya sasa ni minene zaidi, na siku nyingine kuna gari la polisi limeegeshwa mbele, injini inanguruma. Ramani waliishusha walipopaka rangi na hawakuirudisha, ukutani kuna matundu madogo tu kwa anayejua pa kutazama. Nilidhani utotoni kwamba hofu ni nguo ya mwaka mmoja mbaya, kwamba utafika wakati tutaivua na kuitundika. Binti yangu anabana pumzi pale katikati, na sikumfundisha. Namkanyaga mguu taratibu na kumwambia ni mlango tu.

Mama amezeeka, sikio moja halisikii. Lakini redio ikiutaja ule mji anasikia, na hunipokonya simu kabla sijamaliza kumsalimu Raheli. Haulizi kama wako salama, hilo ameshalisikia kwenye pumzi ya kwanza. Anauliza kama ile sarafu ameshaitoa. Miaka yote hii jibu limekuwa lile lile, kwa Kiswidi, kwamba bado, ipo kwenye droo ya jikoni, atatafuta siku. Mama hushusha pumzi kila mara, na sijawahi kujua kama ni kwa sababu binti yake bado analindwa au kwa sababu bado anaweza kurudi. Majuzi redio ilitaja tena, akauliza tena. Nilikuwa nimeegemeza kichwa changu kwenye chake ili nisikie, na dada yangu, ambaye hakuwahi kumjibu Mama kwa Kiswahili tangu nimjue, akasema, "Bado, Mama. Bado sijafika."